Nasaba ya Mumunye

Hata sasa niandikapo maneno haya, ulimi wangu haujasahau shubiri ya Ijumaa iliyopita, wala masikio yangu hayajaacha kuvuma kwa sauti ya mama mkwe wangu, mtu wa heshima na maneno machache, aliyetia kinywani tonge la wali kwa mumunye la tui, akatafuna nusu, akanyamaza kitambo kama asikilizaye adhana ya mbali, kisha akalitema katika leso yake mbele ya kadamnasi ya wakwe na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, nimewakosea nini?"

Mumunye lilitoka uani kwangu, limbuko la kipupwe, nami nilikuwa nikilisifu tangu wageni walipokuwa wakivua viatu: urefu wake, wororo wa ngozi yake, na zaidi ya yote kwamba mbegu yake haikununuliwa dukani bali iliwekwa kutoka mavuno ya mwaka jana. Humo mbeguni ndimo balaa ilimokuwa imelala.

Yapasa ifahamike kwamba mumunye na kibuyu, ijapokuwa hilo hukaa chunguni na hiki hukaa mnazini, ni mmea mmoja. Boga huchanua maua ya manjano alfajiri, likahudumiwa na nyuki, kiumbe wa kazi ya halali na ya mchana. Mumunye huchanua meupe, jua likichwa, na mgeni wake ni nondo, azungukaye usiku kutoka ua hadi ua pasi na kuuliza kufu wala mahari. Ua jike hutambulikana kwa kijitunda chenye malaika kilichokwisha kukaa chini yake hata kabla ya ndoa, jambo ambalo nilipolimulikia taa kwa mara ya kwanza lilinikosesha usingizi kwa staajabu. Na la ajabu zaidi, fedheha ya nondo huyo haidhihiriki mwaka ule ule, kwa kuwa nyama ya tunda ni ya mama: mumunye lililozaa na kibuyu kichungu hupikwa likaliwa tamu, na siri ikabaki ndani ya mbegu ikingoja masika mengine. Uchungu wenyewe ni sumu, kukurbitasini, ambayo jamii yote ya maboga na matango hujikinga nayo dhidi ya wadudu, na ambayo wakulima wa kale waliipunguza kwa kuchagua matunda matamu kizazi baada ya kizazi. Haiondoki kwa moto, wala kwa tui, wala kwa ile sukari iliyoongezwa jikoni kwa siri. Na Bara Hindi wamekufa watu kwa kunywa maji ya mumunye chungu, kwa hiyo leso ile ilikuwa na hekima kuliko sisi sote.

Jirani yangu ni mgema. Vibuyu vyake hutambaa juu ya uzio wetu wa makuti, nami nilipomwendea na mashtaka alinisikiliza kwa taadhima, akajibu kwamba nondo si wake. Habari ya nasaba ilipomfikia mama mkwe, alituma mtoto kuuliza kama leso iliyogusa jamaa wa chombo cha tembo yafaa kuoshwa mara saba.

Mengine ya uani nayo hayakunipa faraja: bamia zilikomaa zikawa kuni nilipokuwa msibani. Mchicha walikula kuku.

Lakini linaloniuma, na hapa sifanyi mzaha, ni kwamba mwaka jana, mamumunye yalipokuwa matamu, niliyapeleka kila mlango mtaani, na sahani zangu zikarudi tupu, bila hata neno. Ilhali hili moja, lililoliwa nusu tonge, lilikwisha kufika Pangani kabla ya Magharibi.

Jana mgema alikuja na pakacha kuomba yaliyobaki, akisema kwamba chungu ndilo lenye gamba la kudumu. Nikampa yote. Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama nimeweka mbegu.