Sifa za Kuliwa Ugenini

Washindi wana wasifiaji wa kutosha. Mtu akipata mamilioni kwenye mkeka wa kubeti, kesho yake picha yake iko kwenye bango, kashika hundi ya boksi ndefu kuliko mlango wa chumba alichopanga. Aliyeliwa hana bango, wala shangazi wa kumpigia vigelegele. Nami nimewatazama wengi walioliwa, tena wale wa kimataifa, waliochanjwa, wakapata viza, wakapanda ndege usiku kucha ili wakaliwe mbali na macho ya jirani. Kunyamaza ni dhuluma. Leo nawasifu.

Twende Singapore, maana huko kuliwa kumepewa hadhi yake. Kwa miaka mingi wakubwa wa nchi ile, Lee Kuan Yew akiwa mstari wa mbele, hawakutaka hata kusikia habari ya kasino. Mwaka 2005 serikali ikageuza msimamo, na 2010 zikafunguliwa mbili: moja katika kisiwa cha Sentosa, nyingine Marina Bay, chini ya ile minara mitatu iliyotwishwa kitu mfano wa meli. Kisha wakafanya jambo la busara mno. Raia na mkazi wa kudumu akitaka kuingia analipa tozo. Ilianza dola 100 za huko kwa siku, na tangu 2019 ni 150. Ndugu zake wakiona amezidi, wanaweza kuomba azuiwe mlangoni. Na mgeni je? Mgeni anaonyesha pasipoti tu, anapewa karibu ya heshima, halipi hata senti ya kiingilio. Sisi tuliokuzwa kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone" tulidhani ni methali. Wenzetu wameitungia sheria.

Monaco waliwahi zaidi. Kasino ya Monte Carlo ilifunguliwa 1863, na raia wa Monaco haruhusiwi kucheza humo. Fedha za wageni zikamiminika, na 1869 mtawala wao, Prince Charles III, akafuta kodi ya mapato. Hebu pima ukarimu huo: mtu katoka kwao, hajui hata jina la mtaa, ameliwa katika meza moja usiku mmoja, na watu asiowajua wakasamehewa kodi. Mkwe gani amewahi kutenda wema wa namna hiyo?

Tena kuliwa kuna uaminifu. Gurudumu la ruleti lina namba 36, nyekundu na nyeusi, na pembeni yake kakaa sifuri, kijani kibichi, mpole. Ukipatia namba unalipwa 35 kwa moja, lakini vishimo vya kudondokea kitufe, yaani kile kigololi, ni 37. Hapo hakuna uchawi wala wizi. Katika kila 100 unayoweka, kasino inabaki na wastani wa 2 na senti 70, na kwenye meza yenye sifuri mbili inabaki na 5 na senti 26. Daladala inaweza kuchelewa, fundi nguo anaweza kukudanganya kwamba bado kifungo kimoja tu, lakini asilimia hiyo haijawahi kumwangusha mwenye kasino. Mvumilivu hula mbivu, isipokuwa hapa. Hapa mvumilivu ndiye mbivu.

Mtazame mchezeshaji anavyofanya kazi yake. Kitufe kikitulia, anaweka alama ndogo juu ya namba iliyoshinda, kisha kwa kiganja kimoja anakumba chipu zote zilizoliwa kuelekea upande wake, polepole, bila kelele, bila chuki. Akiondoka mezani kumpisha mwenzake anapiga viganja pamoja na kuvigeuza, kamera iliyo darini ione kwamba havina kitu. Viganja vya anayekaa mbele yake navyo havina kitu, ila kwake hakuna kamera inayouliza.

Historia nayo iko upande wetu. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, hukohuko Monte Carlo, kitufe kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga fedha kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba sasa ni zamu yake, kana kwamba kitufe kina kumbukumbu. Waliliwa mamilioni ya faranga. Leo wanafunzi wa hesabu za uwezekano wanafundishwa habari zao dunia nzima. Usiku huo kuna aliyeshinda? Huenda. Nani anamtaja?

Tuje kwenye kinywaji, maana kuliwa kwa koo kavu hakupendezi. Kule Singapore, katika hoteli ya Raffles, baa ya Long Bar, wanauza Singapore Sling, kokteli ya rangi ya waridi inayosemekana ilibuniwa na Ngiam Tong Boon, mhudumu wa baa hiyo, mnamo 1915. Ina jini, juisi ya nanasi, ndimu na vikorombwezo kadhaa. Glasi moja ni zaidi ya dola 30 za huko, na kuzigeuza shilingi sikushauri. Pamoja nayo unapewa karanga za maganda, na maganda unatupa sakafuni, ruksa kabisa, katika jiji ambalo ukidondosha kipande cha sigara njiani unatozwa faini. Ni uhuru huo, na umelipiwa.

Kwa uhuru wenyewe hasa, nenda Agosti 9, kesho yake ya Nane Nane yetu. Ndiyo siku Singapore ilipotengana na Malaysia, mwaka 1965. Jiji zima linavaa nyekundu na nyeupe, helikopta zinapita na bendera kubwa inayoning'inia, ndege za kivita zinachana anga. Tiketi za kukaa jukwaani kutazama gwaride hutolewa bure kwa kura, kwa raia na wakazi wa kudumu tu. Kwa hiyo mlango mmoja mwenyeji analipa na mgeni anapita bure, na mlango wa pili mgeni hapiti kabisa. Lakini kodi ya kasino inaingia serikalini, kwa hiyo giza likiingia na fataki zikaanza kupasuka juu ya Marina Bay, aliyeliwa anaweza kusimama ukingoni mwa maji kifua mbele. Labda ile ya zambarau ni yake.

Na faida kubwa inamngoja nyumbani. Aliyeshinda akitua tu, ameshaingizwa katika makundi matatu ya WhatsApp: harusi, kipaimara, na mjomba anayejenga. Atachangia mpaka ajute. Aliyeliwa anawekewa uji, anaambiwa pole na safari, na mwenyekiti wa kamati anamruka kwenye orodha.

Basi, ndugu msomaji, ukijaliwa safari hiyo, ingia kwa mlango wa wageni bila wasiwasi. Ila tiketi iwe ya kwenda na kurudi, imelipwa kabla hujaondoka, na isiwe ya aina inayorudishiwa fedha.