Nimeshapata, Asanteni

Kuna mtu mmoja ambaye nikipewa uwaziri, hata wa siku moja, nitamtungia sheria kabla sijakaa kitini. Si kondakta anayesema chenji utapewa mbele, wala jirani anayechoma taka watu wakiwa wameanika nguo. Hao tumeshawazoea. Namsema mtumiaji mwenzetu wa Linux ambaye kompyuta yake imegoma kutoa sauti saa tano usiku, akatuamsha watu wazima wenye familia, tukamuuliza, tukamshauri, tukamtafutia, tukalala saa nane. Asubuhi anatuandikia kwenye kundi: "Nimeshapata, asanteni." Basi. Amepata nini? Kwa nani? Alibonyeza wapi? Ukimpigia hapokei. Anasikiliza muziki.

Siku hizi tumekuwa wengi, ndiyo maana kero imekua. Zamani Linux hapa mtaani ilikuwa ya vijana wa chuo wasiochana nywele. Ikafika tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft wakafunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Laptopu zetu za mtumba, zile tulizonunua Kariakoo zikiwa bado na stika ya namba ya ofisi fulani ya Ulaya, zikaambiwa hazina vigezo. Fundi akasema nunua nyingine. Mhasibu wa jengo letu akasema weka Linux Mint, ni bure, inakwenda hata kwenye mashine nzee, haidai kitu.

Ni kweli, pesa haidai. Inadai watu.

Ukiwa na Windows ukapatwa na shida, unakwenda kwa fundi, anapiga Windows upya, unalipa, picha za harusi zinapotea, maisha yanaendelea. Mpelekee fundi huyohuyo mashine yenye Linux: ataizungusha, ataikagua chini, atakuna kichwa, kisha atapiga Windows bila kukuuliza. Kwa hiyo sisi fundi hatuna. Tuna sisi kwa sisi: mhasibu, kijana wa steshenari, mwalimu wa fizikia, mama mwenye duka la vipodozi ambaye anajua kuliko wote na ana nafasi ndogo kuliko wote, na mimi, ambaye mchango wangu mkubwa ni kulalamika.

Tuanze na waifai, maana ndiko kila mtu huanzia. Umemaliza kuweka mfumo, mambo yanang'aa, unatafuta alama ya mtandao pale chini kulia, haipo. Kadi ya waifai iliyomo ndani ni ya kampuni ambayo sitaitaja, inataka draiva yake maalumu, na draiva hiyo iko kwenye intaneti. Yaani upate intaneti kwanza ndipo upate kitu cha kukupatia intaneti. Nilipouliza, mmoja akaniambia ninunue kadi nyingine. Mwingine akasema nihamie Fedora. Akatokea wa tatu ambaye aliwahi kupatwa na jambo hilohilo, kwenye laptopu ya aina hiyohiyo, na anakumbuka vizuri kabisa kwamba alilimaliza. "Ila sikumbuki nilifanyaje, ndugu yangu. Ilikubali tu."

Ilikubali tu! Kompyuta si mchumba.

Dawa ilitoka kwa kijana wa steshenari. "Anko, chomeka simu kwa waya wa USB, halafu kwenye simu washa ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB." Kompyuta inaiona simu kama waya wa mtandao, na kwa hilo haihitaji draiva ya waifai. Mtandao ukishaingia unafungua Meneja wa Draiva wa Mint, anaitambua kadi, anakupendekezea ya kuweka, unakubali, unazima, unawasha. Imekwisha. Gharama yake ni bando, kwa sababu kabla draiva haijashuka, orodha za vifurushi vya programu nazo zinataka kushuka. Nunua la kutosha. Mnaona? Nimesema kila kitu na sijafa.

Msidhani nawatetea wanaosaidia. Nao wana yao. Mwalimu wa fizikia hajawahi kujibu swali bila kukurudishia rundo la maswali. Distro gani? Toleo gani? Kerneli namba ngapi? Kadi gani ya michoro? Ulibadilisha nini kabla haijaanza? Ukimwambia hujabadilisha kitu, anacheka kwa pua. Kisha anakuagiza ufungue terminali, uandike inxi -Fxz, umtumie yote yatakayotoka bila kukata hata mstari. Wewe unataka kupona, yeye anataka fomu. Ubaya ni kwamba amri hiyo inaorodhesha kila kifaa kilichomo ndani, inaficha namba zisizofaa kuonwa na watu, na mara nyingi jibu linakutwa humohumo. Ninachokasirikia ni kwamba ana haki.

Yupo wa "mbona kwangu inafanya kazi". Hongera sana, bwana. Yupo wa kukuhamisha: kwake kila ugonjwa dawa yake ni distro nyingine. Kipanya kinakwama? Hamia Debian. Skrini ina giza? Hamia Arch. Mwenyewe amehamahama hadi hana faili hata moja ya mwaka juzi. Na yupo anayetuma amri za terminali kwa ujumbe wa sauti. "Andika sudo, acha nafasi, apt, acha nafasi, install, acha nafasi, alama ya kutoa... subiri, mbili, alama za kutoa mbili, hapo usiache nafasi..." Nyuma yake jogoo anawika na bodaboda inapita. Unarudia kusikiliza mpaka mkeo anauliza huyo jogoo ni wa nani.

Hao wote nawavumilia. Angalau wanasema.

Ile shida ya kukosa sauti ilinikuta na mimi, baada ya mechi ya Simba na Yanga. Nilikuwa nimeunganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI ili watu waone. Mechi ikaisha, nikachomoa, laptopu ikabaki bubu. Nikamkumbuka bwana Nimeshapata. Nikamwandikia kwa adabu zote: "Kaka, habari za siku? Ile sauti yako ulifanyaje?" Akanijibu jioni: "Aisee, ni muda. Nadhani nilibonyezabonyeza."

Mama wa vipodozi alinijibu huku akimpimia mteja losheni. "Weka programu inaitwa pavucontrol. Ifungue, nenda ukurasa wa mwisho kabisa. Utakuta bado imechagua HDMI. Irudishe kwenye spika za ndani." Ndivyo ilivyokuwa: laptopu ilikuwa inaendelea kuitangazia televisheni iliyokwisha zimwa. "Na ukimaliza waandikie wenzako," akaongeza. "Nimechoka kusema jambo hilihili kila ikipita dabi."

Jirani yangu wa chini yeye alibakiza mifumo miwili katika mashine moja, Windows na Linux, na kila akihama saa inaharibika. Akabadilisha kibetri cha ndani. Akabadilisha tena. Akagombana na aliyemuuzia. Kumbe kibetri hakikuwa na kosa. Ndani ya kompyuta kuna saa inayotembea hata umeme ukikatika. Linux huiandika kwa saa ya dunia, UTC. Windows huisoma ikijua ni saa ya hapa. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Basi akitoka Linux saa nne asubuhi, Windows inamwambia ni saa moja. Windows ikijisahihisha kwa mtandao na kuandika saa nne, akirudi Linux anaambiwa ni saa saba mchana. Kwa Mswahili ambaye tayari kila siku anajumlisha na kutoa sita ili aelewane na skrini, kumwongezea hesabu ya tatu ni kumwonea.

Tiba yake ni mstari mmoja kwenye terminali: timedatectl set-local-rtc 1. Linux inakubali kuisoma saa ile jinsi mwenzake anavyoisoma. Baadaye ukiiuliza hali ya saa itakuonya kwamba mtindo huo haiupendi. Nayo ni ya Linux, lazima iwe na maoni. Jirani alipewa mstari huo na mhasibu, akaupokea, akashukuru, na unajua aliandika nini kwenye kundi. Aliyefuata kuharibikiwa saa alikwenda kununua kibetri.

Printa ndiyo mama wa ugomvi wote. Pale steshenari uchapaji unashughulikiwa na mfumo uitwao CUPS. Printa ikikwama, mfumo huo unaweza kuisitisha foleni, na ukishachomoa karatasi iliyokwama haurudi kazini wenyewe. Mteja anabonyeza kuchapa. Kimya. Anabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba nguvu inafika. Kijana anazima printa, anaiwasha, anapuliza wino. Kumbe ilitakiwa afungue kivinjari, aandike localhost:631, aingie kwenye ukurasa wa printa aiamuru iendelee. Hapo ndipo zinapotoka nakala zote zilizobonyezwa kwa hasira, na CV ya mtu mmoja inatosha kuomba kazi katika wizara zote.

Tena printa ndiyo iliyotufikisha hapa. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani. Maabara ilipewa printa ya leza ya Xerox iliyokuwa na tabia ya kukwama karatasi. Ile iliyoitangulia, Stallman alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwaarifu watu inapokwama. Hii mpya hakupewa msimbo wake. Akamfuata mtu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao. Jamaa akamkatalia, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutompa mtu. Stallman akaondoka na kinyongo, na kinyongo hicho ni sehemu ya kilichozaa mradi wa GNU aliotangaza mwaka 1983, ambao programu zake zimo katika karibu kila Linux tunayoweka kwenye laptopu zetu.

Yaani haya yote yana asili yake kwa mtu aliyejua jibu akakataa kusema. Na yule angalau alikuwa amefungwa na ahadi. Wewe wa "nimeshapata" umefungwa na nani?

Fundi wa mjini akiishika kompyuta yako huigeuza skrini upande wake. Namwelewa. Akikuonyesha hutarudi, na watoto wake wanakula. Wewe hulipwi. Ulichopewa ulipewa bure, usiku, na watu waliokuwa wanasinzia. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikuwa anaandika mfumo wa kutumia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ulipoanza kutembea angeweza kunyamaza akalala zake. Akatangaza, akauweka mahali watu wauchukue. Hapahapa Dar es Salaam, mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na mwananchi hakuombwa hata shilingi. Watu wametugawia mfumo mzima, wewe unatunyima mstari mmoja.

Ndiyo maana muswada wangu ni mfupi. Kifungu cha kwanza: atakayesema amepata, aseme mashine ni ipi, distro na toleo, ilikuwa inasumbua vipi, na alifanya nini ikaacha. Amri aibandike jinsi ilivyo, asisimulie. Kifungu cha pili: "nilibonyezabonyeza" si jibu. Kifungu cha tatu: "ilikubali tu" ni kosa kubwa kuliko la kifungu cha pili. Kifungu cha nne: atakayekaidi, shida yake ijayo itashughulikiwa na yule bwana wa kuhamisha distro, peke yake, mpaka mwisho.

Wakati mnajadili, nina langu. Laptopu nikiifunika inalala, nikiifunua haiamki. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi. Ni Linux Mint 22, kerneli 6.8, michoro ya Intel, na sijabadilisha kitu, mwalimu, kwa hiyo usicheke. Nimeshaambiwa niizime niiwashe. Nimeshaambiwa nihamie Fedora. Anayejua, aandike. Ujumbe wa sauti sifungui.