Wilbaro ya Mkwe

Juni 2022 baba yangu alituma wilbaro mpya kutoka Bungoma, imefungwa juu ya matatu, imsaidie mkwe wake wa Kitale kubeba mbolea. Baba mkwe aliitazama ikishushwa, kisha akaniuliza polepole: "Mama Wafula, hii ni zawadi ama ni kampeni?"

Wazee hawa wawili waliingia FORD-Kenya mwaka mmoja, 1992. Kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, alipofariki Januari 1994, chama kikashikwa na Kijana Wamalwa, mwana wa Kitale, nao wakawa Simba damu, kwa alama ya chama. Mwaka 2017 Wetang'ula, kiongozi wa chama wakati huo, alikuwa katika NASA, muungano wa Raila, kwa hiyo wote wawili walimpigia Raila. Ilipofika 2022 Simba ikaenda kwa Ruto. Baba akaenda nayo huku akiapa hajahama. Baba mkwe akaingia DAP-K, chama cha Eugene, mdogo wake Kijana, akabaki upande wa Raila, naye akaapa waliohama ni wale wengine. Na wilbaro, kama nchi nzima ilivyojua, ilikuwa alama ya UDA, chama cha Ruto.

Basi ikalazwa chini ya mparachichi, gurudumu juu.

Kwa sababu ya tope, pikapu iliacha magunia ya mbolea ya CAN barabarani, na mwaka ule mbolea ilikuwa ghali ajabu. Mume wangu na ndugu zake wakabeba mgongoni, wakiteleza na kulaumiana. Saa kumi mvua ikaanguka. Gunia la mwisho, lililokuwa limetoboka, likayeyuka palepale, maji yake meupe yakashuka hadi kwa jirani, mtu wa UDA kindakindaki. Nyasi zake za ng'ombe zilistawi mwaka ule! Baba mkwe alisema tu, "Afadhali."

Neno hilo mwanasaikolojia Henri Tajfel angelielewa. Karibu na mwaka 1970 aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, akawaambia eti hawa wamependa picha za mchoraji Klee na wale za mwenzake Kandinsky. Kumbe aliwagawa kwa bahati nasibu. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha, wengi walikubali kundi lao lipate kidogo, mradi lile lingine lipate kidogo kuliko lao. Nao hawakuwa hata na mgombea.

Usiku mama mkwe aliipindua wilbaro, akapakia mitungi, akaenda mtoni. Hakuulizwa.

Agosti ikafika. Natembeya wa DAP-K akachukua ugavana wa Trans Nzoia, Lusaka wa FORD-Kenya akachukua ule wa Bungoma, Ruto akachukua Ikulu. Kila mzee alimpigia mwenzake simu kumpa pole.

Wewe unayeoza binti mwaka wa kura, wapelekee wakwe majani chai. Sukari usithubutu, maana kiwanda cha Nzoia nacho kina siasa zake.