Maneno 12, Jibu 10

Zoezi lenyewe lilikuwa la wanaoanza kuandika programu, ndivyo lilivyoandikwa juu, na hilo ndilo lililoniuma. Chukua orodha ya maneno, geuza kila neno kuwa nukta na vistari vya Morse, unganisha bila kuacha nafasi, kisha hesabu umebaki na mangapi yasiyofanana. Nikakaa barazani kwetu Mangobo, Kisangani, nikaandika maneno 12 kama yalivyonijia: mto, samaki, pika, toleka, pasa, anasa... "Anika" nililipata kwa mke wangu, aliyetandaza mihogo uani na kuniachia amri moja tu: "Papa, mvua ikija uiingize."

Mashine ikajibu: 10.

Nikahesabu kwa vidole, 12. Nikamwita mtoto ahesabu kwa punje za maharagwe, 12. Basi kosa liko kwenye programu. Nikafuta, nikaandika upya, nikafuta tena. Umeme ukakatika, nikaazima jenereta, lita nzima ya petroli ikateketea. 10. Nikaitukana kwa Kilingala, maana matusi yangu ya Kiswahili yana adabu mno.

Koko alikuwa kitini ananitazama. Kisangani babu tunamwita Koko, kwa Kilingala. Yeye ni Mlokele wa upande wa Yakusu, na kwa Kilokele koko ni kuku. Amezoea. Akaniuliza nagombana na nani. Nikamsomea nukta na vistari, naye akavigonga taratibu kwenye mkono wa kiti. Tulipofika "anika" akasita.

"Hili si umeshalisema?"

Kumbe! A ni nukta na kistari, N ni kistari na nukta. Zibananishe, unapata P. Pika na anika ni kitu kimoja. Pasa na anasa vilevile. Mpiga telegrafu alikuwa akipumua kidogo baada ya kila herufi. Zoezi langu lilikuwa limemnyima pumzi.

Koko hakushangaa. Ngoma ya gogo ya Walokele ina midomo miwili, mmoja mnene, mmoja mwembamba: sauti ya juu na ya chini, basi. Humo maneno hugongana kila siku. "Songe", yaani mwezi, na "koko" yote ni juu-juu. Kwa hiyo mpigaji hasemi mwezi tu, husema mwezi unaoitazama dunia. Na kuku ni yule mdogo mwenye kulia kiokio. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1949, Talking Drums of Africa. "Aliwauliza wazee wetu," alisema Koko, kama mtu anayedai deni.

Nikamwomba anitenganishie pika na anika kwa mtindo huo. Akafumba macho.

"Pika, mwenye kuliza watu kwa moshi. Anika, mwenye kuogopa..."

Hakumaliza. Mvua ya Kisangani haipigi hodi.

Mke wangu alirudi kutoka sokoni akatukuta tumelikumbatia beseni, mihogo imelowa chapachapa.

"Sasa hii," akauliza, "niianike au niipike?"

Koko ndiye aliyeanza kucheka.