Gari Lipate Paa, Mpangaji Asubiri

Hongera wapenzi wa magari ya kale wa Stockholm. Volvo Amazon, gari la kati ya 1956 na 1970, likiliwa paa na kutu halitupwi. Mwenye gari hulikokota hadi gereji ya nyumbani, akang'oa vioo na kitambaa cha dari, akafunga vyuma ndani ili bodi isipinde, kisha akatoboa kwa drili nukta moja moja zilizochomelewa ili paa la zamani litoke. Paa jipya hulichomelea hapa, akahamia kule, maana bati likipata moto mwingi pahala pamoja hujikunja. Majira yote ya baridi hupita hivyo, wala hakuna wa kumharakisha. Serikali nayo ina heshima kwa wazee: gari likifika miaka 30 halidaiwi kodi ya mwaka, likifika 50 haliitwi tena kukaguliwa.

Binadamu je? Anayetaka paa la kupanga huingia foleni ya nyumba za jiji, akalipa ada kila mwaka, na katikati ya mji kusubiri mara nyingi hupita miaka 10.

Ndugu unayehamia huku, jiandikishe ukifika tu. Uzee hautakupunguzia kitu, hukuzaliwa Volvo.