Jinsi ya Kutoka Malaba Hadi Massachusetts Bila Kuuza Shamba

Matokeo ya KCSE yakitangazwa, boma lenye mtoto wa A hapa mpakani hujaa washauri kabla kuku wa sherehe hajaiva. Mjomba wa Marachi anasema udaktari. Mwalimu mstaafu anasema uhandisi, tena Nairobi. Jirani mwenye binamu Minnesota anasema Harvard, na hapo hata mjomba hunyamaza. Mwongozo huu ni wa mtoto huyo na wazazi wake. Wapo vijana werevu Amukura, Butula, Kolanya na Nangina wanaoikosa nafasi ya kusoma Marekani kwa ufadhili kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Wapo pia wazazi waliopoteza ardhi kwa sababu waliambiwa uongo. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: mkimbie dalali

Mpakani tumezoea kwamba kila jambo lina mtu wake. Mzigo una ejenti wa kuutoa forodhani, foleni ya malori ina mtu anayejua kuisogeza, fomu ina kijana wa saiba wa kuijaza. Kwa hiyo akija bwana mwenye tai na kudai anamjua mtu ndani ya chuo, tunamvutia kiti. Mpe chai, kisha umwonyeshe njia ya stendi. Chuo kinachochuja wanafunzi hakiuzi nafasi kupitia mtu wa Busia, na hakidai "pesa ya kushikilia nafasi" kwa M-Pesa. Kumbukeni Uasin Gishu: mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa katika mpango wa kupeleka watoto Finland na Kanada. Mpango ule ulikuwa na jina la serikali ya kaunti. Wa bwana mwenye tai una muhuri wa kuchongesha.

Msaada wa kweli hauuzwi. Ubalozi wa Marekani Nairobi una ofisi ya EducationUSA inayotoa ushauri bila malipo. KenSAP, iliyoanzishwa 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi John Manners, huwaandaa watahiniwa bora kwa vyuo vya Marekani. Zawadi Africa, iliyoanzishwa na Susan Mboya, ni ya wasichana. Benki ya Equity nayo ina programu yake ya viongozi tangu 1998. Nafasi humo zinashindaniwa, kwa hiyo omba mapema.

Hatua ya pili: kuwa mtu mmoja

Cheti cha kuzaliwa kinasema Emojong, cha KCSE kinasema Emojongo, na shangazi wa Tororo alikuandikisha shule kule kwa jina la babu ili upate nafasi. Nyumbani wote hao ni wewe. Kwa afisa wa viza ni watu watatu, na mmoja wao ni mwongo. Kabla hujafungua fomu yoyote, hakikisha jina lako ni lile lile, herufi kwa herufi, katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha mtihani na pasipoti. Kama uliandikishwa pande zote mbili za mpaka, lisafishe jambo hilo sasa, maana marekebisho huchukua miezi.

Hatua ya tatu: uliza nani analipa

Mwaka mmoja katika vyuo vingi vya aina ya Harvard hugharimu zaidi ya dola 80,000 ukijumlisha karo, chumba na chakula. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 10 za Kenya, kila mwaka, kwa miaka minne. Hakuna shamba la Teso Kaskazini litakaloziba pengo hilo, kwa hiyo lisiguswe.

Hapa mtoto wa mpakani ana faida. Umekua ukiona wabadilishaji pesa wa Malaba na vibunda vyao, na unajua kwamba mwenye akili haulizi nani ana kibunda kinene. Anauliza nani ana bei nzuri leo. Fanya hivyo hivyo kwa vyuo. Usiulize jina. Uliza nyumbani watalipa nini baada ya ufadhili.

Kuna makundi matatu. La kwanza ni vyuo ambavyo haviangalii uwezo wa mwombaji wa kigeni vinapoamua kumpokea, kisha humpa msaada unaolingana na hali ya nyumbani kwao. Humo mna Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, na Brown ikajiunga kwa walioingia 2025. La pili ni vyuo vinavyotimiza mahitaji yako ukipokelewa, lakini ombi la pesa nyingi linaweza kukupunguzia nafasi. Stanford imo humo. La tatu ni vyuo vinavyokupokea kwa shangwe na kukuachia bili. Barua ya kundi hili hupigwa picha na kusambazwa kwenye WhatsApp ya ukoo, harambee ikaitishwa, na muhula wa pili mtoto anapiga simu akilia. Barua ya kupokelewa isiyo na pesa ni barua ya kukataliwa iliyoandikwa kwa adabu. Isomeni hivyo.

Msiweke roho yote Harvard. Kwa darasa lililoingia 2024 waliomba watu 54,008, wakapokelewa 1,937. Fomu ya Common App inakuruhusu kuomba hadi vyuo 20, na ada ya maombi huweza kusamehewa ukieleza hali yako. Changanya: vichache vya kundi la kwanza, vingi vya la pili, pamoja na vyuo vidogo ambavyo mjomba hajawahi kuvisikia. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 katika safari zile za wanafunzi zilizoasisiwa na Tom Mboya, akaenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha watawa huko Atchison, Kansas. Mwaka 2004 akapewa Nobel. Kofi Annan alisoma Macalester, Minnesota. Hakuna aliyewahi kuwaonea huruma kwa majina ya vyuo vyao.

Hatua ya nne: pigia hesabu omena

Vyuo vingi vitakutaka ujaze CSS Profile, fomu inayouliza kipato cha wazazi kana kwamba kila mzazi ana hati ya mshahara. Mama yako anauza omena Soko Posta. Vijana wengi huandika sufuri, wakidhani umaskini mkubwa ndio unaolipa zaidi. Sufuri humfanya msomaji ajiulize mmekuwa mkila nini.

Keti na mama, mpige hesabu. Tuseme akitoa bei ya kununulia, nauli na ushuru wa soko anabaki na shilingi 400 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka. Hizo ni 96,000, yaani takriban dola 740. Ongeza mahindi mnayolima, ueleze kwamba mnayala, hamyauzi. Taja wanaomtegemea na karo anazolipa. Ambatisha barua ya chifu. Ukweli huo unatosha. Usiupunguze na usiupambe.

Hatua ya tano: andika maisha yako, acha machozi

Insha kuu ya Common App ina maneno yasiyozidi 650. Usiyamalizie kwenye njaa. Hali ya nyumbani umeshaieleza kwenye fomu ya kipato. Msomaji wa insha anataka kujua unavyofikiri. Usimwachie kijana wa saiba akuandikie, wala programu ya kompyuta. Andika kuhusu siku uliyobishana na mwalimu wa fizikia, au jinsi bei ya nyanya Busia inavyopanda mvua ikikwamisha magari upande wa pili.

Kisha kwenye fomu hiyo kuna nafasi kumi za shughuli zako, kila moja na herufi zisizozidi 150 za maelezo. Watoto wetu huandika "kiranja" na kuziacha tisa tupu kwa sababu shule haikuwa na klabu ya roboti. Kazi ya nyumbani inahesabika. Andika hivi: "Likizo na Jumamosi nauza omena na mama, naweka hesabu za shilingi za Kenya na Uganda, nalea wadogo watatu." Ukimtafsiria bibi kutoka Ateso hadi Kiswahili kwenye zahanati, hiyo nayo ni shughuli.

Hatua ya sita: msaidie mwalimu akusaidie

Mwalimu mkuu, kwa heshima, ataandika katika barua ya mapendekezo kwamba wewe ni mtiifu, nadhifu na mcha Mungu. Hayo aliwaandikia na wengine 200. Mpelekee mwalimu wa somo karatasi yenye mambo matatu anayoyakumbuka kukuhusu: swali ulilouliza, kazi uliyoirudia, mwenzako uliyemfundisha. Mwombe mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho, na uhakikishe ana barua pepe anayoifungua.

Hatua ya saba: tumia mwaka wa kungoja

KCSE huisha Novemba na matokeo huja mwanzoni mwa mwaka, wakati maombi ya vyuo vingi hufungwa kati ya 1 Novemba na mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo wengi wenu mtangoja mwaka mzima. Jiandae na mtihani wa SAT. MIT, Harvard, Dartmouth na Brown zimerudisha sharti la mtihani wa aina hiyo. Jaza pia fomu ya KUCCPS ya vyuo vya hapa nchini, bila kiburi. Ila soma masharti kabla ya kuripoti: ukianza shahada hapa, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa uhamisho, na ufadhili wa kundi hilo ni haba.

Hatua ya nane: Gigiri

Ukishapokelewa chuo kitakutumia fomu I-20 ya kuombea viza. Utalipa dola 350 za usajili wa SEVIS na dola 185 za viza, kisha uende kuhojiwa ubalozini Gigiri. Kiombe chuo kikusaidie ada hizo na tiketi. Kuomba si aibu. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza ya masomo wanatakiwa kuziacha kurasa zao za mitandao wazi zikaguliwe. Ukiulizwa nani analipa, jibu kwa sentensi moja na utoe barua ya ufadhili.

Ukikosa, nenda Nairobi, Maseno au hapa hapa Alupe, chuo kikuu kamili tangu 2022, ukasome kwa bidii ile ile. Masomo ya uzamili yapo, na mengine hulipiwa. Ukipata, una deni moja. Mwaka ujao kijana wa Kolanya usiyemjua atakuandikia akiuliza CSS Profile ni kitu gani. Mjibu siku hiyo hiyo, mweleze yote, na usimtoze hata shilingi.