Kengele ya Ughaibuni

Kwao Morogoro ndugu yetu mmoja asingepanda baiskeli hata kwa kulipwa. Baiskeli ni ya muuza mkaa. Msomi huning'inia mlangoni mwa daladala, heshima ikiwa palepale. Leo yuko Amsterdam, anakanyaga pedali kwenda kazini, mvua ikimchapa ubavuni, na ajuza wa Kiholanzi anampita huku akimpigia kengele asogee. Njia ya baiskeli huko mara nyingi huwa na lami nyekundu, na mtalii akisimama hapo kupiga picha hukaripiwa kwa lugha asiyoijua akaielewa vizuri kabisa.

Mark Rutte, alipokuwa waziri mkuu wa Uholanzi, alikwenda ofisini kwa baiskeli, bila king'ora. (Kwetu diwani akienda kuzindua choo cha shule hufuatana na magari matatu, moja likiwa la kupokea vumbi tu.)

Lakini picha anazotuma ndugu yetu nyumbani hazina baiskeli. Ameegemea gari la jirani, miwani myeusi usoni, mkono juu ya boneti. Mama yake ameshaanza kuuliza litafika bandarini lini.